Jina Langu Juu ya Jipu la Amisi

Aliyeniletea habari kwamba Amisi amefariki hakujua ananiletea nini. Alikuwa mteja tu, mama mmoja wa hapa Makiso aliyekuja kuchukua vitambaa vya makochi yake, na wakati nikimkunjia akasema, kama mtu anayezungumzia mvua, kwamba kesho hatakuja kupima mapazia kwa sababu ana matanga Simi-Simi, kwa yule dereva wa jipu, mume wa Madame Sauda. Nilimaliza kukunja. Nilimsindikiza hadi mlangoni nikampa pole, kisha nikarudi kukaa kwenye cherehani yangu, na kitu cha kwanza nilichohisi, ninakiandika kama kilivyokuja, ni wivu. Huzuni ilifika baadaye, imechelewa kama mgeni wa mbali. Watoto wangu wamekua, nywele zangu zimebadilika rangi, nina mume mpole ambaye hajawahi kunipandishia sauti, na bado mtu akitamka maneno haya matatu, mume wa Sauda, nasimamisha cherehani nisikilize. Wanasema wivu ni ugonjwa wa ujana. Basi mimi sijazeeka.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule waliotengeneza upya barabara ya kwenda Bafwasende. Kabla ya hapo ile haikuwa barabara, ilikuwa tope lenye jina. Magari yalilala humo, madereva walipika humo, na mtu akisema anasafiri hukumuuliza atarudi lini. Kisha mashine za manjano zilikuja, zikachonga, zikamwaga changarawe nyekundu, na ghafla watu waliozoea kutambaa wakaanza kukimbia. Amisi alikuwa mmoja wao. Alikuwa ananichumbia, na alikuwa dereva wa tonton Selemani, tonton yaani mjomba, ndivyo mji mzima ulivyomwita, mfanyabiashara aliyekuwa na majipu mawili ya kubeba abiria na mizigo. Ninaposema jipu, msifikirie gari dogo la wazi la askari. Yalikuwa marefu, yamefunikwa na bati mpaka nyuma, pembe nne kamili, yamenyanyuka juu ya magurudumu makubwa, na mgongo wake umekatwa wima kama kabati. Yote mawili yalinunuliwa siku moja, rangi moja, injini moja. Tonton Selemani aliyaita mapacha wake, na aliyataja zaidi ya alivyowataja wanawe.

Jipu lisilopambwa, kwetu, lilikuwa kama bibi arusi asiyepakwa hina. Dereva akikabidhiwa gari alianza kulivisha. Kwanza galeri, kile kichanja cha vyuma juu ya paa kinachobeba magunia, magodoro na kuku. Halafu mabomba mazito mbele ya pua, ya kusukuma kichaka na mbuzi. Halafu bomba la kuvutia hewa, lililopanda kando ya kioo mpaka juu ili injini isinywe maji ya mtoni. Halafu bidoni, yale madumu ya akiba, zimepangwa kwenye galeri, taa za ziada, bendera. Na juu ya yote, mbele kabisa ya galeri, kibao cha bati chenye jina. Wengine waliandika jina la mama yao, wengine jina la duka, wengine neno la dini. Jipu la Amisi lilikuwa na kila kitu isipokuwa kibao, na kibao kile nilikidai mimi.

Nilikidai kwa sababu ya Bafwasende. Palikuwa na maneno. Palikuwa na mwanamke anayeuza makemba, ndizi za kupika, ya kukaanga pale magari yanapolala, na mke wa dereva wa jipu pacha aliniambia, huku akijifanya hataki kuniambia, kwamba Amisi hula kwake na halipi. Mwanamume anayekula bila kulipa, mnajua wenyewe. Sikumuuliza Amisi. Nilimpikia lituma, zile ndizi zilizopondwa laini na mafuta ya mawese, na samaki wa kuokwa, nikamngoja ashibe, kisha nikamwambia ninataka jina langu juu ya gari lake. Liandikwe kubwa, lionekane toka mbali, kila mwanamke anayeuza kitu chochote kando ya barabara ile alione linakuja kabla hajaona uso wa dereva.

"Na wale hawajue kusoma?" Amisi aliuliza akicheka.

"Watauliza. Na weye utajibu."

Wiki iliyofuata kibao kilikuwa juu. Bati zima, upana wa paa kutoka ukingo hadi ukingo, urefu kama mkono wa mtu mzima, kimesimama wima juu ya kioo cha mbele. Rangi nyekundu, herufi nyeupe: ZAINABU. Siku kilipopita mbele ya nyumba ya mama yangu mdogo, Mama Arafa, niliyekuwa nakaa kwake, nilitoka na sahani mkononi nikasimama barabarani kama mtu anayepokea rais. Sijawahi tena kuwa na furaha ya namna ile. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza nilifurahi, ndiyo, lakini mtoto hakupita mjini na jina langu kwenye paji la uso.

Sebule ya Mama Arafa ilikuwa na dirisha moja, redio isiyozimwa, na viti vilivyofunikwa kwa vitambaa nilivyofuma mwenyewe kwa sufu. Ilitenganishwa na jiko kwa pazia tu, kwa hiyo yote niliyoyajua kuhusu maisha yangu mwaka ule niliyasikia nikiwa nimeinamia sufuria. Hapo ndipo nilipomsikia tonton Selemani, aliyekuja kunywa chai kama kawaida yake, akimsimamisha Amisi mbele ya mama yangu mdogo.

"Nielezee, Amisi. Hizi jeep ni mapacha, ndiyo ao hapana? Barabara ni moja, mizigo ni moja. Ile ingine inarudi na mazutu ndani. Yako inarudi na jina ya bibi. Mazutu iko naenda wapi?"

"Tonton, naapa. Sijauzisha hata kikombe moja."

"Kila shofere anaapa. Bon. Nakupatia mwezi huu. Kama mambo iko vile vile, unaniletea ufunguo."

Kila mtu mjini alijua maana yake. Dereva anayerudi na tangi tupu ameuza mazutu, mafuta ya gari, njiani. Hilo halikuhitaji ushahidi. Na dereva aliyenyang'anywa ufunguo kwa wizi hapati mwingine hapa. Amisi alikuwa amekwisha kuniambia kwamba akipoteza gari atakwenda Bunia kutafuta kazi kwa watu wasiomjua, na harusi ingengoja. Mimi nilijua harusi zinazongoja. Kwa hiyo nilipokuwa nageuza sufuria ile, nikisikia kijiko cha tonton Selemani kikizunguka kwenye kikombe, nilichokuwa nakaribia kukipoteza kilikuwa kimoja tu, kimesimama upande wa pili wa pazia, kinaapa.

Sauda aliingia katika habari hii kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, na viatu vya kisigino kifupi. Alitoka Kindu, alikuwa mwanafunzi wa ufundi wa magari, mwanamke peke yake katika darasa lao, na alitakiwa kuandika kazi yake ya kumaliza masomo. Alikuwa amemwomba tonton Selemani ruhusa ya kuyachunguza majipu yake, kwa sababu mahali gani pengine mtu angepata mapacha, mmoja amevaa na mwingine uchi? Pacha wa pili, ninapaswa kueleza, hakuwa na kitu chochote juu. Dereva wake alikuwa mzee, mvivu wa kupanda galeri, akapanga mizigo yote ndani. Sauda aliyazunguka magari yote mawili uani kwetu, akalipapasa lile la Amisi kwa kiganja toka pua hadi mkia, na mimi nikiwa mlangoni na ungo wa mchele nilikiona kile kiganja.

"Sasa huyu mutoto ya Kindu anatafuta nini mu gari ya batu?" Mama Arafa alininong'oneza.

"Anatafuta ubaya," nikasema.

Alitafuta upepo. Alikaa sebuleni, akala mikate yetu na chai, akatuelezea kwa adabu iliyoniudhi kuliko majivuno. "Upepo iko sawa na mayi, Mama. Sukuma beseni mu mayi, inakataa. Sukuma pirogue, mutumbwi, inaenda yenyewe. Jeep hii ni beseni, hata bila kuvaa kitu. Kioo yake imesimama, mugongo yake imekatwa. Alors, kila kitu unaongeza pale juu ni beseni ingine." Amisi alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mdomo wazi. Sauda akaendelea kwamba watu hufikiri upepo unagonga mbele tu, kumbe ubaya mkubwa uko nyuma. Gari likipita linaacha shimo la hewa mgongoni, hewa inajirudisha humo kwa fujo, na gari linalivuta lile shimo safari nzima kama mtu anayeburuta gunia. Mgongo wa kabati unaacha shimo kubwa. Galeri inaacha mashimo madogo kila chuma. Na bati lililosimama wima? Hapo alinitazama, akanywa chai.

"Mbona mbele ya sasa hakuna mutu alilalamika?" Amisi aliuliza. "Galeri hii iko toka zamani."

"Ju ya potopoto, ile matope ya zamani! Ulikuwa unaenda polepole, upepo haikukuona. Sasa barabara imekuwa muzuri, unakimbiza. Weye unaongeza mbio kidogo, yeye anaongeza nguvu sana. Donc mazutu yako haikuibiwa, Amisi. Upepo njo inakunywa."

Nilimwona Amisi akipumua. Nisiseme uongo, ilikuwa kama kumwona mtu akivuliwa kamba shingoni. Mimi nilikuwa na mwaka mzima nikimpikia, nikimfumia, nikimuuliza alikolala, na sijawahi kumpa pumzi ile. Msichana huyu alimpa akiwa na tonge la mkate shavuni. Nilikusanya vikombe kabla hawajamaliza chai.

Tonton Selemani hakuamini maneno matupu, hata yakiwa na Kifaransa ndani. Akataka kuona. Sauda akasema upepo unaweza kuonekana ukiufunga uzi. Akaomba nyuzi nyepesi, fupi, nyingi, za kubandika kwenye gari lote. Gari likienda, uzi ungelala pale hewa inapopita vizuri, na ungecheza pale hewa inapovurugika. Na nyuzi zilikuwa kwa nani katika nyumba ile? Kwangu. Sufu nyekundu iliyobaki nilipofuma vifuniko vya viti vya jipu la Amisi. Niliikata mwenyewe kwa mkasi wangu, nikaketi uani asubuhi nzima nikibandika nyuzi kwa utepe, kwenye kapo, kile kifuniko cha injini, kwenye kioo, mbavuni, juu ya paa, kwenye mlango wa nyuma. Zile za kwenye kibao nilizibandika juu ya herufi za jina langu, moja moja. Sauda alibandika upande wa pili. Alikuwa na vidole vyembamba na aliimba chinichini, na alijua kuimba pia, kama vile mengine hayakutosha.

Tulikwenda Simi-Simi, kwenye ule mnyoosho wa barabara kando ya uwanja wa zamani wa ndege, palipo sawa na pasipo na watu wengi. Ilitakiwa mtu mmoja aendeshe, mmoja akae ndani kuhakikisha mwendo haubadiliki, na mmoja awe nje juu ya pikipiki, aangalie nyuzi.

"Zainabu aangalie," Amisi alisema. "Huyu ana macho. Anaona hata penye hakuna kitu."

Wote walicheka, na mwenye pikipiki pia, mtu ambaye hata simjui. Nilipanda nyuma yake nimekasirika. Kiti cha mbele, kando ya dereva, katika mji wetu kina maana yake. Abiria mwenye pesa hukaa pale, au mke. Mimi mchumba nilikuwa nimekikalia mara chache sana, kwa sababu tonton Selemani alikiuza kila safari. Sauda alifungua mlango akapanda kama anapanda kitandani kwake, akavuta kile kifuniko nilichokifuma akakinyoosha vizuri nyuma ya kichwa chake. Gari likaanza kwenda.

Nimeona mambo mengi mazuri maishani, na ninaona aibu kusema kwamba moja ya mazuri zaidi nililiona siku ile nikiwa nimejaa wivu. Mwendo ulipopanda, jipu lilionekana kama limeota manyoya mekundu. Kwenye kapo nyuzi zote zililala, zimechanwa kwa kitana. Zile za kwenye kioo zikapanda juu kwa utii, zikajigawa mbavuni. Nikafikiri, kumbe hewa ina njia zake kama sisi tulivyo na barabara. Kisha nikapandisha macho kwenye kibao. Kwenye herufi zangu nyuzi zilikuwa zimegandamizwa, haziendi popote, kama watu waliobanwa mlangoni. Na nyuma ya kibao, juu ya paa, zilikuwa zimepagawa. Zilisimama, zikazunguka, na nyingine, nilimwambia mwenye pikipiki asogee, nikasimama juu ya vikanyagio nione vizuri, zilikuwa zimelala kuelekea mbele. Gari linakimbia mbele na uzi pia unaelekea mbele! Hewa ilikuwa inarudi kulifuata bati. Fujo ile ilienea juu ya galeri yote, ikapita kwenye bidoni, ikamwagika nyuma ya gari, na mlango wa nyuma wote ukawa unacheza kama ngoma ya harusi. Katikati ya ngoma ile kulikuwa na kioo cha nyuma, na katika kioo vichwa viwili. Kichwa cha Amisi kiligeuka. Kichwa cha Sauda kikainama. Walikuwa wanacheka. Niliambiwa nitazame nyuzi, na nilizitazama, lakini vile vichwa nilivitazama zaidi.

Waliposimama, tonton Selemani alikuwa anangoja chini ya mwavuli wake. Sauda aliruka chini, kalamu mkononi, akanijia. "Zainabu, umeona nini? Anza mbele."

Nikaanza mbele. Kapo, sawa. Kioo, sawa. Mbavu, sawa, isipokuwa karibu na lile bomba la hewa. Sauda aliandika. Nilijua swali linalofuata, na nilijua kwamba hakuna mwingine aliyeona. Amisi alikuwa anaendesha, Sauda alikuwa ndani, mwenye pikipiki alikuwa anatazama barabara. Upepo wa siku ile ulikuwa mali yangu peke yangu. Ningesema nyuzi za juu zililala, kibao kingebaki, na Sauda angerudi shuleni kwake na mabeseni yake. Lakini ufunguo ungeenda. Nilimtazama Amisi. Alikuwa amefumba midomo, na mkono wake umeshika kioo cha pembeni cha lile gari kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa.

"Nyuma ya jina yangu," nikasema, "nyuzi zinarudi mbele. Pale juu yote ni fujo. Muikate."

"Uko hakika?" Sauda aliuliza.

"Nimesema muikate. Munataka niimbe?"

Tonton Selemani alipiga makofi. Amisi alirusha mikono juu, akageuka, na mtu aliyekuwa karibu naye alikuwa Sauda. Alimshika mikono yote miwili akaitikisa, akasema merci, merci, merci. Kisha akanikumbuka, akaja akanipiga bega kama unavyompiga fundi aliyemaliza kazi. Mimi ndiye niliyesema. Mimi ndiye niliyeliangusha jina langu mwenyewe mbele ya watu, na mikono ile ilikuwa haki yangu. Hata leo nikiwa nashona mchana na duka limetulia, ninairudia ile hatua moja aliyoipiga Amisi kuelekea kwa Sauda, na kila mara naona kwamba ingewezekana apige upande wa pili.

Kibao kikafunguliwa alasiri ileile. Mama Arafa, asiyetupa kitu, akakifanya mlango wa banda la kuku. Safari iliyofuata jipu lilirudi na mafuta kwenye tangi, tonton Selemani akalala usingizi, na jina la mwizi likamtoka Amisi. Ningekuwa nimeshinda, kama Sauda angekuwa ameshiba. Hakushiba. Kazi yake ya shule ilimtaka ajue kila kitu kinakula kiasi gani peke yake, kwa hiyo akaanza kusafiri na Amisi. Safari moja waliondoa bidoni juu wakaziweka ndani. Safari nyingine waliondoa mabomba ya mbele. Safari nyingine walifunga madirisha yote, joto lile la kwetu, ili waone. Halafu wakaishusha galeri, wakaikata miguu ikalala karibu na paa. Kila Amisi aliporudi alinisimulia, macho yanawaka, kitu gani walichokivua. Nilikuwa nyumbani nafuma vitambaa, na hawa wawili walikuwa wanalivua jipu nguo moja moja kwenye barabara ya Bafwasende.

Nikamuuliza, bila shaka nilimuuliza. Alilala wapi, na nani, chumba cha nani, chakula cha nani. Muuza makemba nilimsahau kabisa. Nilitamani hata arudi, kwa kuwa yule angalau alijua kukaanga tu. Amisi alijibu maswali yangu kama mtu anayejibu askari wa barabarani, makaratasi yote yako sawa, anangoja kuruhusiwa kupita. Sauda alipomuuliza kitu, nilikuwa nasikia kupitia pazia, alijibu kwa dakika nyingi, mikono inaruka, anachora gari hewani.

Mvua zilipokuwa zinaisha mwaka ule, tonton Selemani alikuja na Amisi, mchana, wamevaa kanzu zilizopigwa pasi. Nilipika wali wa nazi na pondu, yale majani ya muhogo, na kuku mzima, kwa sababu nilidhani wamekuja kupanga siku. Walikula vizuri. Nilisikia vijiko, nilisikia sifa za kuku. Kisha tonton Selemani akakohoa na kuanza kuzunguka, akasifu malezi ya nyumba hii, akasifu subira ya Mama Arafa, na mtu akianza kusifu subira yako ujue anakuja kuitumia.

"Mama Arafa, huyu kijana amepata mawazo ingine. Hatutaki kuvunja heshima. Tumekuja na miguu yetu."

"Mawazo ingine inaitwa nani?" Mama Arafa aliuliza. Redio ikaendelea kusoma matangazo ya vifo.

Amisi alikuja jikoni mwenyewe. Hilo ninampa, hakunitumia mtu. Alisimama penye pazia, mrefu, kanzu yake imegusa masizi ya ukuta. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, yakaja matatu tu. "Ana nini huyu?"

Alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu, hiyo ni mojawapo ya sababu nilizompendea. "Weye nikirudi unaniuliza nilikuwa wapi," akasema. "Yeye ananiuliza gari ilienda namna gani."

Sikulia mbele yake. Nilimwambia kanzu yake imechafuka, akaitazama, akajifuta, akaondoka. Nimeyapima maneno yale kwa miaka yote na sijapata jibu. Kumuuliza mtu alikuwa wapi, ndiyo kumpenda, mimi sijui namna nyingine. Nikawa nasikia habari zao kama inavyosikika redio ya jirani: wamepanga Simi-Simi, wamefungua gereji, watu wanawapelekea magari hata kutoka Yahuma wayapunguze uzito na upepo. Nilikutana naye mjini mara kadhaa. Tulisalimiana vizuri sana, kama watu wasiowahi kugombana kwa sababu hawakuwahi kuwa na kitu. Mume wangu nilimpata baadaye kidogo, mwalimu, hana gari, na sijawahi kumuuliza alikuwa wapi.

Nilikwenda matangani. Nilifunga duka nikanunua sukari na mchele kama inavyotakiwa, nikapanda pikipiki mpaka Simi-Simi. Uani wanaume walikuwa wanasoma, magari ya wateja yamepangwa nje hadi barabarani. Ndani, wanawake wamejaa kwenye mikeka, na katikati yao Sauda, amenenepa, amefungwa kitambaa cheupe, analia kwa sauti bila kujizuia. Waliokuwa kando yake walimshika mabega wakimwambia lia, mama, lia, mume wako huyu, usijifunge. Nilikaa karibu na mlango. Aliponiona alininyooshea mkono, nikapita kati ya magoti ya watu mpaka kwake, akanikumbatia shingo.

"Zainabu. Asante ya kuja. Weye ulimujua mbele yangu."

Alisema kwa moyo wote, na machozi yake yakaniingia shingoni, ya moto. Nilimwambia Mungu akupe nguvu. Nilikuwa nataka kulia hivyo hivyo, mdomo wazi, kamasi zinatoka, na mtu anishike mabega aniambie ni haki yako. Lakini ningelia, wangeulizana mimi ni nani yake, na jibu halipo. Nilimwonea wivu kile kilio kuliko nilivyomwonea wivu kiti cha mbele, kuliko nyumba, kuliko watoto wake waliofanana na baba yao. Nikakaa muda wa heshima, nikaaga.

Mume wangu alikuwa amekwisha kufika nyumbani, amevua viatu, anasahihisha kazi za wanafunzi mezani. Akaniuliza matanga ni ya nani.

"Ya shofere moja," nikasema. "Wa zamani."

"Ulimujua?"

"Kidogo."

Akasema Mungu amrehemu, akarudi kwenye kazi zake. Nikaenda jikoni kumpakulia.